Mtoto Hangoji Paa

Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma, kuhusu kuchelewa kwa ujenzi wa shule za makanisa na uhaba wa nafasi katika shule za sekondari.



Wahenga waliacha methali mbili ambazo, kwa mtu asiyezitafakari, zaonekana kupingana. Ya kwanza yasema: kawia ufike. Ya pili yasema: ngojangoja huumiza matumbo. Mwashi huipenda ile ya kwanza, kwa sababu anajua kwamba ukuta uliojengwa kwa pupa huanguka kabla ya fundi kulipwa ujira wake. Lakini mtoto anayesubiri nafasi ya shule yumo katika methali ya pili. Bati laweza kungoja ghalani hata miaka mitatu. Saruji haingoji sana, huganda. Mtoto hangoji kabisa. Akimaliza Darasa la Saba mwaka huu asipate nafasi, mwakani hatakuwa tena yule yule: atakuwa mchunga ng'ombe wa watu, au mtumishi wa nyumbani mjini, au mama wa mtoto mwenzake. Shule itakayofunguliwa baada ya hapo itakuwa ya wadogo zake.

Kwa sababu hiyo, kuchelewa kwa ujenzi wa shule si suala la mafundi na mikokoteni ya mchanga peke yake. Ni suala la haki. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya historia ya shule za nchi hii imo mikononi mwa makanisa, hapana budi kuuliza waziwazi: kwa nini shule za makanisa huchukua miaka mingi kusimama, na ni nani awezaye kuufupisha muda huo?

MZIGO ULIORITHIWA

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, watoto wapatao 490,000 walikuwa katika shule za msingi, na wengi wao hawakuvuka Darasa la Nne. Katika shule zote za sekondari walikuwamo wanafunzi 11,832, na kati ya hao waliokuwa Kidato cha Sita walikuwa 176 tu. Nchi nzima, kutoka Ziwa Viktoria hadi Mto Ruvuma, ilikuwa na wanafunzi wa Kidato cha Sita wasiotosha kujaza bwalo moja la shule ya leo.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Serikali ya kikoloni iliwaachia wamisionari sehemu kubwa ya kazi ya elimu, nayo ikajiwekea kazi ya kutoa ruzuku na kukagua. Wamisionari nao walijenga pale walipokuwa wamekwisha kutia mizizi: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe, Songea. Palipokuwa na misheni pakawa na darasa. Na palipokuwa na darasa na zao la kahawa pakawa na wazazi wenye uwezo wa kulipa karo. Kwingineko, hasa katika sehemu za Pwani walikokaa Waislamu wengi, na katika sehemu za wafugaji, mtoto alizaliwa mbali na shule na akakua mbali nayo.

Kwa hiyo nafasi ya shule ikawa inategemea mambo mawili ambayo mtoto hana hiari nayo: dini ya wazazi wake na mahali alipozaliwa. Taifa lililokuwa linahubiri usawa wa binadamu lisingeweza kuiacha hali hiyo iendelee. Ndiyo maana ilitungwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1970 Serikali ikazitwaa shule zilizokuwa zikipata ruzuku yake. Pugu ya Wakatoliki, Minaki ya Waanglikana, Ilboru ya Walutheri, Umbwe ya Moshi na Ihungo ya Bukoba, zote zikawa shule za umma. Shule ya wasichana ya Marian ya Morogoro ikaja kuitwa Kilakala, na Assumpta ya Moshi ikaja kuitwa Weruweru. Makanisa yakabaki na seminari zao.

Uamuzi huo ulikuwa wa lazima, nao ulileta matunda. Mtoto wa Kilwa aliweza kupangiwa Pugu, na mtoto wa Kiislamu kutoka Kondoa aliweza kupangiwa Umbwe, bila mtu kumwuliza cheti cha ubatizo. Hapo shule ikawa jiko la kupikia umoja wa Taifa. Lakini kila uamuzi mkubwa huwa na upande wake wa pili, na upande wa pili wa uamuzi huo ulikuwa kwamba makanisa yaliweka mwiko chini. Waashi waliokuwa wamezoea kujenga kila mwaka darasa au bweni wakaelekeza nguvu zao katika zahanati, seminari na nyumba za ibada.

MLANGO MWEMBAMBA

Mwezi Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, Chama kiliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote isingojee mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa, bali ifikiwe ifikapo Novemba 1977. Walimu waliokuwapo wanakumbuka kazi ile: madarasa ya miti na udongo, masomo chini ya miembe, na vijana waliomaliza Darasa la Saba wakifundishwa ualimu kijijini huku wakifundisha. Zilikuwapo kasoro, lakini milango ya shule za msingi ilifunguliwa kwa upana ambao mkoloni hakuuota.

Mlango wa sekondari ulibaki mwembamba. Mwaka 1967, wakati wa kutangazwa Elimu ya Kujitegemea, ilikwisha kuelezwa kwamba wanafunzi 87 katika kila 100 waliokuwa wakimaliza shule ya msingi hawakuwa na nafasi ya kuendelea. Baada ya 1977 wamaliziaji waliongezeka maradufu na zaidi, lakini sekondari hazikuongezeka kwa kiasi hicho, kwa kuwa Serikali ilipanga idadi ya wanafunzi wa sekondari kwa kufuata mahitaji ya watumishi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, kati ya wamaliziaji 100 wa Darasa la Saba, waliopata nafasi ya sekondari hawakufika hata 10.

Wananchi hawakukaa wakitazama. Katika Kilimanjaro na mikoa mingine, wazazi, vyama vya ushirika, Jumuiya ya Wazazi na makanisa walianza kujenga sekondari zao. Serikali nayo, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, ikalegeza masharti. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, sekondari zisizo za Serikali zilikuwa zimezizidi zile za Serikali kwa idadi. Mwezi Februari 1992 yakatiwa saini makubaliano kati ya Serikali, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo ya Tanzania kuhusu huduma za afya na elimu. Waashi wakauokota tena mwiko.

Baadaye Serikali nayo ilijenga kwa kasi kubwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na kila kata ikatakiwa kuwa na sekondari. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,745; mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Wanafunzi waliongezeka kutoka 500,000 na ushei hadi zaidi ya 1,400,000. Kuanzia Januari 2016, ada ikaondolewa katika shule za umma hadi Kidato cha Nne.

Mtu anaweza kusema basi kwamba tatizo limekwisha. La hasha.

HESABU INAYOJULIKANA

Mwezi Desemba 2019, yalipotangazwa majina ya wanafunzi wa kuingia Kidato cha Kwanza mwaka 2020, waliokuwa wamefaulu walikuwa 759,737. Waliopangiwa shule katika awamu ya kwanza walikuwa 701,038. Waliobaki, 58,699, walikosa nafasi kwa sababu moja tu: hapakuwa na vyumba vya kutosha. Hawakushindwa mtihani. Walioshindwa ni watu wazima waliotakiwa kuwa na chumba tayari.

Amri zilitolewa, halmashauri zikahimizwa, michango ikaitishwa, na vyumba vikakamilishwa mbiombio ili watoto waingie katika awamu ya pili. Mwaka uliofuata hali ikajirudia.

Ndipo mwezi Oktoba 2021 ulipoanza ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19: vyumba 12,000 kwa ajili ya sekondari na 3,000 kwa ajili ya shule shikizi. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Katika muda wa miezi michache vyumba vikasimama, na wanafunzi 907,802 waliofaulu mwaka huo wakapangiwa shule wote kwa mkupuo mmoja.

Tukio hilo lina mafunzo mawili, na yafaa yazingatiwe na kila aliye ofisini. Fundisho la kwanza ni kwamba chumba cha darasa hakihitaji miaka mitano. Fedha zikiwapo, uamuzi ukiwapo na msimamizi akiwapo, chumba hujengwa kati ya kiangazi na masika. Fundisho la pili ni kubwa zaidi. Mtoto anayefika katika mlango wa Kidato cha Kwanza hatoki mbinguni. Aliandikishwa Darasa la Kwanza miaka saba kabla. Jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Mwalimu Mkuu anamjua, Mratibu wa Elimu Kata anamjua, Afisa Elimu wa Wilaya anayo idadi yake katika jalada. Hakuna jambo linalotabirika zaidi ya mahitaji ya nafasi za sekondari, hata mvua za vuli hazitabiriki kiasi hicho. Kushangaa kila Desemba kwamba watoto wamekuwa wengi ni sawa na mkulima kushangaa kwamba mahindi aliyoyapanda mwenyewe yameota.

Kwa hiyo upungufu wa nafasi hautokani na kutojua. Unatokana na kuchelewa kuamua. Hapo ndipo suala la shule za makanisa linapoingia.

KWA NINI BOMA HALIEZEKWI

Kila apitaye vijijini amekwisha kuyaona: kuta nne zilizosimama bila paa, madirisha matupu, nyasi zimeota katikati ya kile kilichokusudiwa kuwa darasa. Watu huyaita maboma. Mengine ni ya Serikali, mengine ni ya vijiji, na mengine ni ya parokia na sharika. Maboma ya makanisa yana sababu zake, na ni vema zitajwe moja moja bila kuoneana haya.

Sababu ya kwanza ni namna fedha zinavyopatikana. Parokia haina bajeti ya maendeleo kama halmashauri. Inategemea sadaka, mavuno, michango ya jumuiya ndogo ndogo, na pengine msaada wa ndugu wa ng'ambo. Fedha hizo huja kwa msimu. Kahawa ikishuka bei, ujenzi unasimama. Mahindi yakikauka, fundi anarudi kwao. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai: ukuta usio na paa hunyeshewa masika mbili, na sehemu ya michango ya mwaka wa tatu hutumika kujenga upya kile kilichobomolewa na mvua. Bei ya saruji nayo haikai mahali pamoja ikingoja mavuno.

Sababu ya pili ni ardhi. Makanisa mengi hupewa kiwanja na wazee wa kijiji kwa maneno na kupeana mikono. Siku ya kuomba kibali ndipo inapogunduliwa kwamba mkutano wa kijiji haukuandikwa muhtasari, mipaka haikupimwa, au jirani ana madai. Shauri hilo laweza kulala miaka, na uchungu wake ni kwamba lingeweza kuzuiwa kwa karatasi moja iliyoandikwa vizuri mwanzoni.

Sababu ya tatu ni safari ya jalada. Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, mwenye kutaka kuanzisha shule hana budi apate kibali cha kujenga, athibitishwe kuwa mwenye shule, apatikane meneja anayekubalika, na mwisho shule isajiliwe na Kamishna wa Elimu. Kila hatua ina maana yake. Hakuna mzazi mwenye akili anayetaka mwanawe alale katika bweni ambalo halikukaguliwa, au asome mahali pasipo na choo. Viwango navyo vinajulikana: wanafunzi wasiozidi 40 katika chumba cha sekondari, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Tatizo halimo katika masharti. Tatizo limo katika muda. Mkaguzi akija Machi akakuta tundu la choo limepungua, akaondoka bila kuandika tarehe ya kurudi, shule iliyokuwa ifunguliwe Januari inayofuata inaweza kukosa mwaka mzima. Mwaka mmoja wa jalada ni mwaka mmoja wa mtoto, na katika rafu za ofisi hauonekani kwa sababu jalada halilii.

Sababu ya nne husemwa kwa sauti ya chini. Miongoni mwa waumini wazee, kumbukumbu ya mwaka 1970 haijafutika. Wapo wanaouliza: kwa nini kujenga kitu ambacho kesho chaweza kuchukuliwa? Swali hilo lisijibiwe kwa hasira. Mazingira yaliyosababisha uamuzi wa 1970 yalikuwa ya wakati wake, shule chache zikiwa mikononi mwa wachache. Na hatua za baadaye, pamoja na makubaliano ya mwaka 1992, zinaonyesha njia nyingine ya kushirikiana. Lakini hofu haiondolewi na hotuba. Huondolewa na matendo ya kila siku ya ofisi: barua inayojibiwa, ahadi inayotimizwa, kodi na tozo zinazoelezwa kabla, si baada ya ujenzi kukamilika.

Sababu ya tano ni ya makanisa yenyewe. Wapo viongozi wa dini wanaoanza shule mpya wakati ile ya kwanza haina maabara. Wapo wanaoweka jiwe la msingi kwa shangwe na kwaya, kisha wasirudi hadi apatikane mgeni mwingine wa kuweka jiwe jingine. Jiwe la msingi halimfunikii mtu mvua. Afadhali dayosisi yenye shule moja iliyokamilika kuliko yenye maboma saba na picha saba za uzinduzi.

HOJA ZA WENYE MASHAKA

Yapo maswali mawili ambayo mtumishi wa umma ana haki ya kuuliza kabla ya kuharakisha jalada la shule ya kanisa.

La kwanza: kwa nini Taifa lisilo na dini ya Serikali lijishughulishe na shule za dini? Jibu ni kwamba Taifa linajishughulisha na mtoto. Kama shule ya kanisa inampokea mtoto wa kila imani, haimlazimishi kuhudhuria ibada isiyo yake, inafundisha mitaala ya Taifa na kukaguliwa kama nyingine, basi nafasi iliyomo ndani yake ni nafasi ya Taifa. Kanuni hiyo hiyo ni ya shule za misikiti, za vyama vya ushirika na za wazazi. Lakini shule ikigeuka kuwa zizi la waumini wa dhehebu moja, itakuwa imerudisha yale yale yaliyofanya sheria ya 1969 itungwe, na haitakuwa na haki ya kulalamika.

Swali la pili ni zito zaidi: nafasi yenye ada kubwa ni nafasi ya nani? Shule nyingi za makanisa zinasifika kwa nidhamu na matokeo mazuri ya mitihani, lakini mkulima wa pamba wa Shinyanga na mvuvi wa Ukerewe husikia sifa hizo kwa mbali kama ngoma ya kijiji cha pili. Nafasi ambayo maskini hawezi kuifikia hupunguza msongamano kwa watoto wa wenye mishahara na kuuacha kwa wengine. Makanisa yaliyoanza kazi hii yakiwafundisha watoto wa watu wasio na chochote yana wajibu wa kujiuliza kama bado yanafanya kazi ile ile.

Hapa upo mfano ambao nchi hii inao tayari, nao umo katika sekta ya afya. Kwa miaka mingi, mahali ambapo wilaya haikuwa na hospitali ya Serikali, hospitali ya kanisa iliteuliwa kufanya kazi hiyo. Kanisa likabaki na majengo na uongozi, Serikali ikalipa watumishi na kutoa ruzuku, mwananchi akatibiwa. Hospitali teule hazikumbadilisha mtu dini, na hazikuifanya Serikali ya kidini. Ziliokoa maisha, na zikaiokolea Hazina gharama ya kujenga kuta mpya kando ya kuta zilizokwishasimama.

Ni nini kinachozuia fikra hiyo kuvuka barabara na kuingia katika elimu? Katika kata ambayo sekondari ya umma ina watoto 80 katika chumba kimoja, na hapo jirani ipo shule ya kanisa yenye vyumba vilivyokamilika na madawati matupu, halmashauri na dayosisi zingeweza kukaa meza moja. Halmashauri itoe walimu kadhaa na fedha za uendeshaji kwa kila mtoto inayempeleka. Kanisa litenge idadi maalumu ya nafasi zisizo na ada. Mkataba uandikwe, uwe na muda wake, na ukaguliwe. Na pale ambapo parokia ina boma lililofika kwenye lenta, si busara halmashauri ikaanza msingi mpya hatua mia mbili kutoka hapo. Paa moja lililokamilishwa kwa ushirikiano ni bora kuliko maboma mawili yanayotazamana.

MWAKA 2028 HAUKO MBALI

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Ni hatua kubwa, inayomfungulia kila mtoto mlango ambao mwaka 1961 ulikuwa wa wachache. Lakini hatua hiyo ina hesabu yake. Watoto walioingia Darasa la Tatu mwaka 2024 wakiwa na mtaala mpya watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027. Mwaka huo huo wa 2027, kaka na dada zao waliokuwa Darasa la Nne mwaka 2024 watamaliza Darasa la Saba. Makundi mawili yatafika pamoja katika mlango mmoja wa Kidato cha Kwanza, Januari 2028.

Mlango uliowahi kuelemewa na kundi moja mwaka 2020 utafikiwa na makundi mawili. Watoto wenyewe wanajulikana kwa majina. Serikali imekwisha kuonyesha mwaka 2021 kwamba yaweza kujenga kwa haraka. Lakini si haki kuitazama Serikali peke yake ikihangaika ilhali maboma ya mashirika ya dini yamesimama bila paa kwa kukosa muhtasari wa kijiji au saini ya ofisa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KAZI ILIYO MBELE

Basi, ndugu walimu na watumishi wa umma, yapo mambo ambayo hayahitaji mkopo wala mfadhili.

Mwalimu Mkuu anaweza kuandika katika karatasi moja idadi ya watoto wa kila darasa lake na mwaka watakaofika Kidato cha Kwanza, akaibandika ofisini na kuisoma katika kila mkutano wa wazazi. Mratibu wa Elimu Kata anaweza kujumlisha karatasi hizo na kulinganisha na vyumba vilivyopo, vya umma na visivyo vya umma, maboma yakiwamo. Mtendaji wa Kijiji anaweza kuhakikisha kwamba kila kiwanja cha shule, kiwe cha kanisa au cha msikiti, kina muhtasari uliosainiwa na ramani ya mipaka, kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa. Afisa wa ardhi, mhandisi wa halmashauri na mdhibiti ubora wa shule wanaweza kufika kwenye kiwanja siku moja wakiwa pamoja, badala ya kupishana mwaka mzima. Na kila mmoja akiondoka aache maandishi yanayosema kasoro ni ipi na atarudi lini. Jalada lisiloendelea lipewe sababu. Jalada lililokataliwa lirudishwe upesi, kwa kuwa hata kukataliwa mapema ni msaada kuliko kunyamaziwa.

Viongozi wa makanisa nao wana sehemu yao. Wakamilishe kabla ya kuanzisha. Wahesabu paa kabla ya kuhesabu msingi. Waseme mapema ada itakuwa kiasi gani na ni watoto wangapi maskini watakaopokelewa, ili waumini wanaochangia gunia la mahindi wajue kama wanamjengea mtoto wa jirani au mtoto wa tajiri wa mjini.

Na wazazi wasidanganywe kwamba elimu bila ada maana yake ni elimu bila jasho. Nchi hii ilijengwa kwa watu kubeba mawe kichwani wakiimba. Wanachostahili ni kuona mawe waliyobeba yakipata paa mapema, wao wakiwa hai, na watoto wao wakiwa bado na umri wa kukaa kwenye dawati.

Kuchelewa kwa barabara humchosha msafiri, na kuchelewa kwa mbolea hupunguza mavuno ya mwaka mmoja. Lakini kuchelewa kwa nafasi ya shule hakurekebishwi na mwaka unaofuata, kwa sababu mwaka unaofuata una watoto wake. Orodha ya Januari 2028 imekwisha kuandikwa katika madaftari ya walimu. Kilichobaki ni kila mwenye kalamu, mwiko au muhuri kuamua kwamba zamu yake haitakuwa ndiyo iliyomchelewesha mtoto.